Twende Tena Mlimani, Shemeji

Sydenham, Durban
18 Mei 2014

Shemeji Peguy,

Usishtuke kuona jina langu. Tangu tumzike mume wangu Jeancy hatujaandikiana, nawe ukahamia Johannesburg nikiwa ndio kwanza nimefunga kitambaa cheusi. Sikulaumu. Kila mtu ana namna yake ya kulia.

Saluni ingali palepale, wateja wapo, mikono inauma, tunashukuru.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Unakumbuka zile baiskeli za tairi nene ambazo mume wangu alikuwa akizileta kutoka dukani kwao Westville, zile tulizosema ni pikipiki zilizosahauliwa injini? Nimejifunza kuziendesha. Bosi wake wa zamani huniazima moja Jumapili baada ya ibada. Naipeleka ufukweni, napita nayo juu ya mchanga mpaka mapaja yanawaka moto. Wanasema ukiuweza mchanga, theluji nayo utaiweza.

Mwezi wa saba mwaka utatimia. Nataka twende tena mlimani, shemeji, wewe na mimi, wikendi ileile, kwa gari lilelile. Nataka unionyeshe njia mliyopanda na mahali mlipoachania. Wewe ndiwe mtu wa mwisho kumwona akiwa hai. Hakuna mwingine wa kunionyesha.

Nitapanga kila kitu mwenyewe. Wewe sema ndiyo tu.

Shemeji yako,
Mireille

*

Yeoville, Johannesburg
24 Mei 2014

Mireille, shemeji yangu,

Eish, umenitoa machozi mbele ya wateja! Walidhani nimepata habari ya msiba, mmoja akaacha mezani simu aliyoileta nimtengenezee, akaondoka polepole.

Wewe juu ya baiskeli? Wewe uliyekuwa ukiogopa hata eskaleta ya pale mjini? Jeancy angekufa kwa kicheko. Nisamehe, neno limeponyoka.

Kusema kweli sijui kama moyo wangu utaweza. Unajua nilivyomsihi siku ile. Nilimwambia, ndugu, ukungu unashuka, turudi. Naye na konyaki yake kichwani akanijibu, nenda wewe, mimi napanda mara moja tena. Nilimsubiri getini mpaka giza, nikiita mpaka sauti ikakauka. Mungu ni shahidi. Lakini ikiwa wewe mwanamke umepata ujasiri, mimi ni nani nikatae? Ndiyo. Twende.

Ombi moja tu: tusilale kwenye ile nyumba ya wageni ya shambani. Vitanda vibovu, na itanirudishia mambo mengi. Himeville iko karibu, kuna vyumba vizuri.

Halafu, nakuambia kama kaka, mwaka mzima wa kitambaa cheusi ni mrefu kwa mwanamke kijana.

Wako daima,
Peguy

*

Durban
26 Mei 2014

Wifi Félicité,

Amekubali. Amejibu upesi kama mtu aliyekuwa amekaa nyuma ya mlango akingoja hodi.

Sasa nikueleze yote, maana wakati wa Pasaka simu ilikuwa inakatika, na mama alikuwa karibu nawe. Jumatatu ya Pasaka nilipanda peke yangu mpaka lile shamba la Underberg kuweka maua. Anayeangalia nyumba ya wageni ni mama mmoja Mzulu, MaNgubane, mtu wa sauti ya chini. Alinipa chai. Nilipomwambia mimi ni mjane wa yule Mkongomani, akaweka sahani chini.

"Yule mwingine je," akaniuliza, "aliwahi kuja kukuomba radhi?"

Nikamuuliza, radhi ya nini.

"Yule aliyeteremka na gari. Alikuja mchana jua lingalipo. Alikula supu hapa karibu na moto, akatazama mpira kwenye televisheni. Nikamuuliza, mwenzako yuko wapi? Akasema amepata lifti, ameshateremka Durban. Nikamwamini. Jioni ndipo tukaona baiskeli moja haijarudi, tukaanza kutafuta."

Umesikia, wifi? Hakungoja getini. Hakuita. Alimwacha ndugu yako juu kule na theluji, akaja kula supu. Na konyaki gani? Jeancy hakugusa pombe tangu abatizwe. MaNgubane alikuwepo walipomteremsha, na anasema hakukuwa na chupa wala harufu. Peguy ndiye aliyeileta konyaki, kwa mdomo wake, mpaka pasta akahubiri juu ya ulevi mbele ya jeneza, nami nimekaa kiti cha mbele nimeinamisha kichwa kwa aibu.

Halafu jaketi. Gari liliporudishwa nyumbani nililikuta jaketi la Jeancy nyuma ya kiti, limekunjwa, kavu. Nililiweka usoni nikalia, wala sikujiuliza mtu anakwendaje kufa kwa baridi na jaketi lake likabaki garini.

Nitampandisha mpaka palepale. Kisha nitateremka na gari, na mimi nile supu.

Mireille

*

Uvira
4 Juni 2014

Mireille, mke wa ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma kwenye cyber nimesimama, na nilipofika katikati watu wakanipisha kiti bila kuuliza.

Sikumwambia mama bado. Unajua hali ya hapa. Wajomba walisema hawawezi kuvunja matanga ya mtu aliyejiua kwa konyaki, na mpaka leo hayajavunjwa. Mama hajamlilia mwanawe. Jina la Jeancy halitajwi wakati wa kula. Kwenye chama chake cha akina mama, wakiombea marehemu, mama huenda nje kama mtu anayefuata maji. Hayo yote ni mdomo wa Peguy, yule ambaye alikua akila ugali kwetu Mulongwe, sahani moja na sisi!

Kwa hiyo usifikiri mimi nina huruma. Ningekuwa hapo Durban ningemng'oa meno kwa koleo. Lakini nisikilize vizuri. Akifia kule mlimani, uongo wake utabaki hai. Nani atamwambia mama kweli? Wewe? Watasema mjane anasafisha jina la mumewe. MaNgubane? Hawamjui. Nataka mdomo uleule uliosema uongo ndio useme kweli, mama akisikia kwa masikio yake.

Mpeleke, mtishe, mfanye aseme. Umrudishe.

Félicité

*

Sydenham, Durban
9 Juni 2014

Shemeji Peguy,

Nimefurahi mno. Huu hapa mpango wangu.

Ijumaa tarehe kumi na moja Julai utashuka kwenye basi Pinetown, nitakuchukua hapo tusipoteze muda kuingia mjini. Tutapita Pietermaritzburg na Howick, halafu tutaiacha barabara kubwa tufuate ya Bulwer. Tutalala Himeville kama ulivyotaka, nimeshapiga simu. Lakini baiskeli zinakodishwa kulekule shambani tu, kwa hiyo Jumamosi asubuhi nitapita kuzichukua. Wewe unaweza kubaki garini ukitaka.

Usijaze begi. Nitaleta chai, mkate, ndizi na samosa za yule mama wa Overport. Glavu ninazo. Jaketi uje nalo zuri, ila tukianza kupanda utaliacha garini. Yule bosi wa Westville amenifundisha: mtu akipanda na jaketi hutokwa jasho, na jasho likikutana na upepo wa juu ndilo linaloua. Hutalihitaji sana. Hatutakaa muda mrefu.

Tairi zile hazijazwi pumzi nyingi. Ukilibonyeza kwa kidole gumba liwe kama shavu la mtoto mchanga, hapo linashika theluji. Kazi yako wewe ni kukumbuka njia. Jiwe kwa jiwe, shemeji. Nataka tukae palepale ulipokaa ukimsubiri.

Watu wa hali ya hewa wanasema baridi ya mwaka huu itakuwa kali. Mimi naona ni vizuri. Itakuwa kama ile.

Mireille

*

Yeoville
15 Juni 2014

Mireille mpenzi,

Unapanga safari kama jenerali! Nimewasomea marafiki zangu hapa, wakasema Peguy, mwanamke anayekufikiria mpaka glavu huyo si wa kuachia.

Nimenunua jaketi jekundu, vraiment, kweli la mtu wa maana, lina manyoya ndani ya kofia. Utaniona kwa mbali kama robot, taa ya barabarani iliyokataa kugeuka kijani. Kuliacha garini itaniuma, lakini wewe ndiwe mkubwa wa safari.

Njia naikumbuka, usiwe na wasiwasi. Ila tukifika juu tusikae sana na mambo ya zamani. Aliyekwenda amekwenda. Jeancy mwenyewe angetaka mtu amtunze mkewe, na nani anayemjua kuliko mimi?

Hukusema umeagiza chumba kimoja au viwili. Mimi kimoja kitanitosha, baridi ile si ya kulala peke yako. Natania, natania! (Nusu.)

Wako,
Peguy

*

Durban
20 Juni 2014

Wifi,

Ameuliza chumba kimoja au viwili.

Nilikuwa namsuka mteja niliposoma. Nikamvuta nywele mpaka akapiga yowe. Nimekaa kufikiria yale uliyosema, kwamba unautaka mdomo wake. Wewe uutake. Mimi naitaka miguu yake ipoe. Nataka afike kwenye geti lile asikute gari, aangalie huku, aangalie kule, aite jina langu, asikie upepo. Nataka ajue mtu anafikiria nini saa hizo. Mimi kila siku nalifikiria hilo na sijui, na mume wangu hawezi kurudi kunieleza.

Umesema nimrudishe. Sikuahidi. Atakayemrudisha ni Mungu, kama anamtaka.

Usiniandikie tena mpaka nishuke.

Mireille

*

Uvira
3 Julai 2014

Peguy,

Hutanijibu barua hii, najua. Soma tu.

Mireille anajua. Yule mama wa nyumba ya wageni amemweleza yote: gari, supu, mpira, lifti. Mimi pia najua. Safari hiyo unayoifurahia si ya mapenzi. Anakupeleka kukuacha ulipomwacha ndugu yangu, na jaketi lako likiwa garini. Usiende.

Sikuandikii kwa kukuonea huruma. Nakutaka mzima. Mfu hana mdomo, na mimi mdomo wako nina kazi nao. Baki Johannesburg, uchukue simu, umpigie mama, umwambie mwanawe alikufaje. Ukikataa nitakuja kukutafuta mimi, na mimi sitapanga wikendi.

Félicité

*

Yeoville
8 Julai 2014

Mireille,

Nitakuja Ijumaa kama ulivyopanga. Nichukue Pinetown.

Sitaleta mengi. Umesema jaketi niliache garini. Nitaliacha.

Peguy

*

Durban
17 Julai 2014

Félicité,

Ulimwandikia. Usikatae, ameniambia mwenyewe. Acha kwanza nikueleze yaliyotokea, halafu utanijibu.

Ijumaa alishuka kwenye basi akanisalimu kwa mkono. Njia nzima hakuongea, yule mtu wa maneno. Bulwer tulisimama kuweka mafuta, akanunua machungwa, akanimenyea moja. Nikala. Himeville kila mtu chumba chake, hakuuliza kitu. Nikadhani ameona haya kwa ile barua yake.

Jumamosi asubuhi nilipita shambani kuchukua baiskeli. Yeye alibaki kwenye kiti, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. MaNgubane alinisaidia kuzipakia. Aliona kuna mtu, uso hakuuona. Tukapanda na barabara ya shamba mpaka geti la juu, gari linapoishia. Pale Peguy akavua lile jaketi jekundu, akalikunja, akaliweka juu ya kiti kabla sijasema neno. Ningepaswa kujua hapo, lakini hasira ni kipofu.

Tukapanda. Nitakwambia jambo la aibu, wifi: ilikuwa vizuri. Tairi zile zinaitafuna theluji kwa sauti ya mtu anayekula muwa, na mbele yako milima imekaa myeupe, hakuna mtu. Nilielewa kwa nini Jeancy alizipenda, na kuelewa huko kukanizidishia chuki.

Juu kabisa nikamuuliza, "Mliachania wapi?"

"Hapa."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Alicheka."

Basi. Nikamwambia nimesahau chai garini, anisubiri kidogo. Akakaa juu ya jiwe, akasema, "Nitasubiri." Nikateremka, nikapakia baiskeli yangu, nikawasha gari.

MaNgubane alinipa supu. Nilikaa kwenye kiti cha karibu na moto. Ilikuwa tamu, sitakudanganya, nikaomba bakuli la pili. Dirishani ukungu ukaanza kushuka, milima ikawa inafutika. Nilikuwa nimepanga kumfuata kabla ya giza, naapa. Nilitaka aonje tu. Ndipo MaNgubane akauliza, kama mtu anayeuliza habari za barabara, "Na mwenzako yuko wapi?"

Nikafungua mdomo. "Amepata lifti," nikasema. "Ameteremka Durban."

Sikuyapanga maneno hayo, Félicité. Yalitoka yenyewe, laini, kama yaliyokuwa yananingoja kwenye kile kiti.

MaNgubane akabaki na upawa mkononi. "Mwaka jana," akasema, "mtu aliniambia hivyohivyo, amekaa hapohapo. Nikamwamini, na kesho yake nikamfunika mumeo kwa shuka langu. Mara hii siamini." Akachukua funguo za gari langu mezani. Hakuniomba. Akatoka nje akawaita wanaume wawili, wakaondoka, mmoja juu ya farasi. Mimi nikabaki na bakuli.

Walimleta giza likiingia. Alikuwa palepale juu ya jiwe. Baiskeli nzima, tairi nzima, njia ya kushuka anaijua, na hakushuka! Viatu vilikuwa vimeloa, vidole vyeupe kama mishumaa. Kwenye mwanga wa moto MaNgubane akamtambua, akaanza kupiga kelele kwa Kizulu, nusu yake sikuielewa, na nusu niliyoielewa siwezi kuiandika. Peguy akanitazama, meno yanagongana. "Félicité aliniandikia," akasema. "Nilijua."

Yuko hospitali Pietermaritzburg. Vidole vya mguu wa kushoto vitakatwa.

Sasa niambie. Ulikuwa upande wa nani?

Mireille

*

Uvira
11 Agosti 2014

Mireille,

Nilikuwa upande wa mama. Na upande wako, ingawa hutaki kusikia. Wewe ukifungwa huko Afrika Kusini, mimi ningepata faida gani? Ningekuwa nimepoteza wawili.

Nilimwambia asiende. Kwa nini alikwenda, muulize yeye.

Sasa sikia yaliyotokea hapa. Jumapili baada ya misa simu ya mama ililia. Akaniambia niweke sauti kubwa, mikono yake ilikuwa na unga. Ni Peguy, anapiga kutoka kitandani hospitali. Sauti yake sikuitambua.

"Mama," akasema, "nataka kukuambia habari ya Jeancy."

Mama akakaa chini.

Akasema walikuwa wanacheza kule juu. Yeye akaanguka na baiskeli mbele ya Wazungu waliokuwa wanapita, Jeancy akacheka mpaka akashika mbavu, akamwita gunia la mihogo. Moyo ukamuuma. Jeancy alipopanda tena kidogo, yeye akateremka na gari, ili mwenzake arudi chini peke yake, bila jaketi, na yeye apate kucheka. Akasema alitaka ale kwanza halafu amfuate. Akakuta moto, akakuta mpira. Ukungu ukashuka, akaogopa kupanda. Walipomuuliza akaona haya kusema amemwacha mtu. Baada ya hapo kila uongo ukazaa mwingine.

"Na konyaki?" mama akauliza.

"Hakukuwa na konyaki, mama."

Nilidhani mama atalia au atamlaani. Alikaa, unga unakauka mikononi. Kisha akasema, "Rudilia."

Akarudilia, tangu mwanzo. Mama akanituma niite wajomba. Walipofika wote watatu akasema kwenye simu, "Rudilia." Peguy alikuwa analia, lakini akarudilia. Mjomba mkubwa akasimama akatoka nje, nikamwona anapiga ukuta kwa kiganja.

Mwisho mama akachukua simu mwenyewe, akamwambia polepole: "Hukurudi, mwanangu. Basi utarudilia. Kila Jumapili utapiga hapa, na kila Jumapili nitakuwa na mtu mwingine wa kukusikiliza. Kwaya. Majirani. Akina mama wa chama. Kila mtu aliyesikia uongo wako atasikia kweli, kwa sauti yako hiyohiyo. Siku nitakayosema basi, ndiyo utapumzika."

Naye akasema, "Ndiyo, mama."

Juzi tulivunja matanga. Watu walijaa mpaka barabarani. Mama alilia, Mireille. Mwaka mzima nilikuwa nangoja kilio kile, na kilipokuja nikaziba masikio.

Nisamehe au usinisamehe. Ningemwandikia tena.

Félicité

*

Pietermaritzburg
25 Agosti 2014

Mireille,

Nimeanza kutembea kwa fimbo. Wanasema mwezi ujao nitaondoka hapa. Kuna dirisha, siku ya jua milima inaonekana mbali, nimeomba wanigeuzie kitanda.

Kwa mama napiga kila Jumapili. Jana walikuwa kwaya, wale niliokuwa nikiimba nao tenori. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Wanasikiliza mpaka mwisho, halafu naisikia simu inakatwa.

Sikuandikii kuomba msamaha. Ninaandika kwa sababu ya swali moja. Ile barua ya Félicité niliisoma nikiwa na nafasi ya kubaki. Ningeweza kukudanganya ninaumwa. Lakini tangu siku ile ya Jeancy nilikuwa najiambia kwamba mtu yeyote angefanya kama mimi: ukishakaa kwenye moto, ukungu ukishashuka, harudi mtu. Kwa neno hilo nimeweza kulala. Nikataka kuona. Nikasema Mireille ni mwema kuliko mimi. Nikimwona anarudi, nitajua mimi ni mtu wa namna gani, nitampigia mama palepale. Ndiyo maana sikushuka.

Nilisikia gari. Nililia kwa furaha nikidhani ni wewe. Aliyetokea kwenye ukungu ni yule mama.

Niambie kweli. Ungerudi?

Peguy

*

Sydenham, Durban
3 Septemba 2014

Peguy,

Barua yako nimeiweka chini ya chupa za rangi ya nywele, kila nikichukua chupa naiona. Nimechoka kuiona, kwa hiyo nakujibu.

Félicité nimemwapia kwamba nilikuwa narudi. MaNgubane nilimpigia simu kumwomba radhi, nikamwambia hivyohivyo. Akasema ana kazi jikoni. Wewe ndiye nitakayekuambia kweli, kwa sababu hata nikikuficha utaijua.

Niliegesha gari likiwa limeelekea Durban. Begi lako nilikuwa nimelitupa njiani, kwenye nyasi za nje ya shamba, pamoja na jaketi. Nilikuwa nawaza nikimaliza bakuli la pili nipitie Howick kabla malori hayajajaa barabarani. Sikuwa narudi, Peguy. Hata mara moja sikufikiria. Aliyerudi ni MaNgubane. Kama unatafuta mtu anayerudi, mwandikie yeye.

Lakini usije ukajiambia sasa tumekuwa sawa na ukalala vizuri. Hatuko sawa. Wewe uliteremshwa. Nilichokitaka mimi hakikutokea, na ulichokifanya wewe kimelala kaburini. Mimi nitabeba changu, na cha kwako sitakusaidia hata kwa kidole.

Mama ameniambia watu wa karibu wamekwisha, sasa inakuja zamu ya walio mbali. Jumapili hii ni mimi. Utapiga baada ya ibada, nitakuwa nimefunga mlango wa saluni. Usianzie kwenye ukungu. Félicité anasema siku hizi unapenda kuanzia kwenye ukungu. Anzia pale alipocheka. Nieleze alicheka vipi, kwa sauti gani, kwa muda gani, alishika wapi. Usiruke kitu.

Ukimaliza nitakuambia, rudilia.

Mireille